Mshipa Uliokataa Waya

Daktari wa upasuaji aliyenihudumia miaka michache iliyopita amefariki. Nilipata habari nikiwa kwa kinyozi hapa Eldoret, kutoka kwa mama mmoja wa Kiplombe aliyekuwa jirani yake. Alisema daktari aliugua kwa muda mfupi, na kwamba mwili utasafirishwa kwao, upande wa ziwani. Hatukuwa marafiki. Nilimfahamu kama mgonjwa anavyomfahamu daktari, yaani yeye alinijua zaidi kuliko nilivyomjua.

Moyo wangu ulikuwa umeanza kupiga polepole mno, hadi nikawa naanguka. Ilibidi niwekewe kifaa cha kuuongoza, na waya wake upitishwe ndani ya mshipa wa damu hadi moyoni. Nilipigwa ganzi begani tu, kwa hiyo nilisikia kila neno.

“Mzee, unanisikia?”

“Nakusikia, daktari.”

“Kuna mshipa unaopita juu juu, hapa msuli wa bega unapokutana na wa kifua. Wako siuoni.”

“Sasa itakuwaje?”

“Naweza kuchoma sindano chini ya mtulinga, mfupa huu hapa, nipate mshipa mkubwa. Ni haraka, lakini pafu liko karibu. Wacha nitafute kidogo.”

Msaidizi wake akamkumbusha kwamba wagonjwa wengine wanangoja. “Wangoje,” akasema, bila ukali. Mwishowe akaupata, umefunikwa na mafuta. Akajaribu kuingiza waya, ukakataa. “Mzee, nimeupata lakini ni mwembamba mno. Sasa nachoma sindano. Vuta pumzi polepole.” Niliogopa sana, nikamwambia hivyo. Akanijibu kwamba ndiyo maana yuko makini. Sindano ikaingia salama.

Nilipokwenda kukaguliwa kidonda, nilimuuliza kwa nini hakuchoma tangu mwanzo, maana tulirudi pale pale. Akasema: “Kama ningechoma bila kutafuta, halafu pafu likatoboka, ningekwambia nini?”

Nimeishi katika mji huu muda mrefu, na katika ofisi zake nimezoea kuambiwa ningoje, nirudi kesho, mkubwa ametoka. Waliosoma wengi huona maelezo kama fadhila, na sisi tunaohudumiwa tumekubali hivyo. Tunashukuru na kuondoka bila kujua tumefanyiwa nini. Sitadai kwamba daktari huyu alikuwa bingwa kuliko wenzake, sina ujuzi wa kupima hilo. Ninachojua ni kwamba kabla ya kila hatua alijiuliza angemweleza nini mwenye mwili. Anayefanya kazi juu ya maisha ya mtu mwingine ana deni la jibu hilo, hata mambo yakienda vizuri.