Meno ya Mkalimani wa Newala

Siku ya kwanza nilipoingia chumba cha meno cha hospitali ya misheni, Masasi, Daktari wa Meno alinipa bakuli la mpira na mfuko wa plasta, akaniambia nikoroge. Nilikoroga, ikaganda kabla sijaifikisha mezani. Nikakoroga tena, safari hii ikawa uji. Hakunigombeza. Alikuwa Mwingereza wa makamo, mgongo umepinda kwa kuinamia vinywa vya watu, na sikumbuki kumwona akiwa hana uchovu.

"Utazoea," aliniambia. "Au utachoka. Mimi nimepata vyote viwili."

Na mimi nimepata vyote viwili. Nilikuwa kijana wa nyumba ya Kikristo, baba yangu akiwa mwalimu wa kanisa, na nyumbani walitegemea nishike chaki kama yeye. Badala yake nilipelekwa Dar es Salaam kujifunza ufundi wa meno ya bandia, nikarudi Masasi, chini ya ile milima ya mawe, nikakaa kwenye benchi la kazi ambayo sikuiacha mpaka macho yaliponikatalia. Watu waliniita Fundi Meno. Hata mke wangu alifika mahali akaniita hivyo.

Vijana wa siku hizi hudhani meno ya bandia ni kitu kimoja, unakwenda unapewa. Wakati wetu ilikuwa kazi ndefu. Kwanza unachukua kipimo: unajaza nta laini kwenye kisinia kidogo cha chuma, unakibana kinywani mwa mgonjwa, naye anakaa machozi yakimtoka akidhani atatapika. Katika kile kipimo unamimina plasta, ndipo unapata mfano wa taya lake, mweupe, wa kuweka mezani. Juu ya mfano unajenga meno kwa nta, mgonjwa anayajaribu, unasahihisha. Mwisho unayafungia kwenye kasha la shaba na kuyachemsha, ile plastiki ya rangi ya ufizi iive na kuwa ngumu. Ukikosea moto, bamba, yaani kile kitako kinachobeba meno, linatoka na matundu kama mkate, unaanza upya.

Lakini hiyo ilikuwa kazi ya mikono tu. Kazi iliyomchosha Daktari wa Meno ilikuwa kuchagua. Mtu aliyepoteza jino moja hana maswali mengi. Mtu aliyepoteza meno mengi akabakiwa na machache ndiye mwenye shida, kwa sababu hayo machache yanaweza kuwa msaada au yakawa adui. Yakiwa imara, unayatumia kama nguzo: unatengeneza bamba dogo lenye kulabu za waya zinazoyashika. Yakiwa yanacheza, kulabu zitayang'oa taratibu. Hapo ni heri yaondolewe yote, mtu avae seti nzima. Na seti nzima nayo ina tabia zake. Ya juu hunyonya kaakaa, mate yakaishika vizuri. Ya chini haina pa kushika, ulimi huisukuma kutwa, kwa hiyo ukiweza kumbakishia mtu hata meno mawili ya chini, umemsaidia sana.

"Mwambie kila njia itamdai nini," Daktari alikuwa akiniagiza, maana mimi ndiye niliyemtafsiria. "Halafu nyamaza. Kinywa ni chake."

Kunyamaza huko kulikuwa kugumu kuliko plasta.

Baadaye nilihamishiwa Newala. Serikali ilitupa chumba kimoja nyuma ya zahanati, na Daktari wa Meno akawa anapanda kwa lori kutoka Masasi kila baada ya muda kuja kutazama wagonjwa. Aking'oa na kuagiza, anateremka, mimi nabaki na mifano yangu ya plasta. Newala ilinitesa kwa jambo moja ambalo kila aliyekaa kule analijua, nalo ni maji. Plasta inataka maji, kuchemsha kunataka maji, kuosha vyombo vya kinywani kunataka maji, na maji yalikuwa yakipandishwa kichwani na akina mama kutoka bondeni. Nilikuwa naona aibu kumwaga bakuli.

Hapo ndipo nilipomjua Mzee Saidi. Alikuwa mkalimani wa baraza, Mmakonde mrefu, mkimya nje ya kazi yake. Watu waliposhtakiana mbele ya Liwali, kuna waliojua Chimakonde tu, kuna waliokuja na Chiyao au Emakhuwa, lugha ya Wamakua, na yeye ndiye aliyesimama katikati akiyatia yote katika Kiswahili. Kazi hiyo aliifanya tangu ujana na alijulikana kwa kutoongeza wala kupunguza neno.

Meno yake yalianza kumtoka moja moja. Nilipomwona mara ya kwanza, juu alibakiwa na chonge mbili na meno ya mbele machache, chini na chonge mbili tu. Sauti ilikuwa bado ileile nzito, ila maneno yalipita kwenye mapengo yakatoka yamepungua.

Siku moja aliletwa barazani mtu aliyeshtakiwa na jirani yake kwa habari ya pipa la maji. Mshtakiwa akaeleza kwa Chimakonde kwamba alilikuta pipa linavuja, akaliziba. Mzee Saidi akatafsiri. Alisema "aliziba," lakini ile herufi z haikutoka, na baraza zima likasikia "aliiba." Karani akaandika. Watu wakaguna. Mshtakiwa, ambaye hakujua Kiswahili, alikuwa akitikisa kichwa kukubali, akidhani wanasifu kazi yake ya kuziba.

Mzee Saidi aliyaona mambo yanakokwenda. Akaenda mbele, akaunda tundu kwa vidole vya mkono mmoja na kuliziba kwa kidole cha mkono wa pili, akakionyesha kile kitendo kwa Liwali, kisha kwa karani, kisha kwa mlalamikaji. Wengine walicheka. Liwali hakucheka. Alifuta ile habari, na baraza lilipokwisha akamwita kando.

"Mzee wangu," alimwambia, "wewe ni masikio yangu. Tafuta dawa ya kinywa hicho. La sivyo itanibidi nitafute mtu mwingine, na sitaki."

Maneno hayo Mzee Saidi alinisimulia mwenyewe, amekaa kwenye kiti cha zahanati, mkewe amesimama nyuma yake. Mkewe tulimwita Mama Zuhura. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye chale usoni na ndonya, kile kipande cha mti, katika mdomo wa juu, na alikuwa mtu wa maneno machache lakini yaliyopimwa.

Daktari wa Meno alimpima muda mrefu. Akaligusa kila jino kwa kidole, akaniambia nitafsiri. Ya chini mawili ni imara, yabaki, yatashika bamba. Ya juu yote yanacheza, mfupa umekwisha kurudi nyuma. Ushauri wake ni kuyang'oa, kusubiri fizi zipone na kukaza, halafu kumvisha seti nzima ya juu.

"Kusubiri mpaka lini?" aliuliza Mzee Saidi.

"Miezi," nilimjibu. "Ukivaa mapema, ufizi utapungua na bamba litaning'inia."

"Na miezi hiyo nikae barazani na kinywa kitupu."

Akauliza njia nyingine. Nikamtafsiria: inawezekana kutengeneza bamba la kulabu lishikwe na hayo yaliyobaki, atalipata upesi, lakini huenda lisidumu. Akayagusa meno yake ya mbele kwa ulimi. Yalikuwa yamechongwa kwa ncha, kama wazee wengi wa uwanda ule walivyochongwa ujanani.

"Haya nilichongwa siku moja na rafiki zangu," alisema. "Wote wamekufa. Siyatoi."

Daktari alinitazama ili nimwambie kilichosemwa. Nikamwambia. Akavua miwani, akajisugua macho, akasema, "Basi tutengeneze la kulabu."

Mama Zuhura alikuwa na swali lake. "Mwanangu, hayo meno yanatunzwaje?"

Nikamweleza kwamba akilala ayavue ayaoshe, yalale majini, kwa sababu yakikauka hupinda.

"Yalale majini," alirudia. Nadhani kila mtu mle chumbani aliiona ile njia ya bondeni. "Haya. Nitayatoa kwenye maji yangu ya kunawa."

Mabamba yale, la juu na la chini, niliyatengeneza kwa uangalifu wote niliokuwa nao. Yalikaa vizuri. Mzee Saidi alirudi barazani, na kwa msimu mmoja wa mikorosho mambo yalikwenda. Halafu siku moja akaja peke yake, akafungua kitambaa mezani kwangu. Ndani lilikuwamo bamba la juu, na kwenye kulabu moja limeng'ang'ania jino lake la chonge, zima, mpaka mzizi.

"Nilikuwa nakula muhogo," alisema.

Daktari alipopanda tena, hakumkumbusha ushauri wake wa kwanza. Alimpiga sindano ya ganzi, akayatoa yaliyobaki ya juu, moja baada ya jingine, akayaweka kwenye kisahani. Mzee Saidi aliyaomba. Nikayaosha nikampa, akayatia mfukoni.

Miezi ile ya kusubiri ilikuwa mirefu kwetu sote. Liwali alimweka kijana mmoja wa shule amshikie nafasi. Mzee Saidi alikaa nyumbani akila uji, na watu waliopita kumjulia hali waliitikiwa kwa kichwa tu. Mama Zuhura alinipitia siku moja na mtungi wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mume wangu hasemi. Hata nami hasemi. Naishi na mti."

Nikamwambia fizi zinakaribia kukaza. Akajitwika mtungi wake akaenda.

Siku ya kujaribu ilipofika, nilimvisha meno yaliyopangwa kwenye nta, meupe, yamenyooka kama ya picha. Daktari alikuwapo. Nikamwomba mzee atamke maneno yenye sauti ngumu: sisi, zamani, shahidi. Akatamka. Kila neno lilitoka na mluzi. Nikasogeza meno nyuma kidogo, mluzi ukabaki. Nikapunguza nta ya kaakaa, ukabaki. Mtu wa kazi ile hakuwa na faida na meno ya kupiga mluzi.

Mama Zuhura ndiye aliyesema. "Hiyo si sauti ya mume wangu. Yeye amejifunza kusema akiwa na ncha. Upepo ulikuwa unapita katikati. Yachongeni."

Nilimtafsiria Daktari. Akachukua tupa ndogo kutoka mezani kwangu akanikabidhi. "Nilisoma miaka mingi kujifunza kuyanyoosha," alisema. "Chonga. Ila taratibu, usidhoofishe shina."

Nilichonga ya mbele, ncha kwa ncha, nikiyatazama yale ya asili ambayo mzee aliyatoa mfukoni akaniwekea mezani. Akavaa. "Sisi," alisema. "Zamani. Shahidi." Halafu, bila kuambiwa, "Aliziba." Mama Zuhura akageukia ukutani, akasimama hivyo kitambo.

Nilipokwisha kuyachemsha, Mzee Saidi alirudi barazani, na yule kijana alibaki kuwa msaidizi wake. Nilikwenda kumsikiliza mara moja, nikasimama nyuma ya watu. Hakuna aliyetazama kinywa chake, na kwa fundi wa meno hiyo ndiyo sifa.

Mzee Saidi alifariki Waingereza wakiwa bado wanatawala, ingawa kila mtu alikwisha kujua kwamba wanaondoka. Nilitumiwa mtu. Nilimkuta maiti anaandaliwa kuoshwa, na shehe akaniita ndani kwa sababu ya yale meno. Alitaka kujua kama yanaweza kutolewa bila kumuumbua marehemu.

Mama Zuhura alikuwa mlangoni, amejifunika. "Shehe," alisema, "samahani. Si wanasema kwamba kaburini mtu huulizwa?"

"Huulizwa, Mama Zuhura."

"Basi mwacheni nayo. Maisha yake yote alijibia watu. Leo anajibu lake."

Shehe alisema kwa upole kwamba malaika hawashindwi kumsikia mtu. "Najua," alisema Mama Zuhura. Lakini hakuondoka mlangoni. Shehe akanigeukia, akaniuliza kama yanatoka kwa urahisi, kwa kuwa lisilotoka kwa urahisi halilazimishwi. Nikaingiza kidole, nikalisukuma lile bamba la juu kwa upole. Halikutikisika. Nikasukuma tena. Sikuwahi kutengeneza jingine lililoshika vile.

"Limeshika," nikamwambia.

"Basi tuliache," alisema shehe, akaomba maji.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, chini ya wakubwa wengine, wenye vyeo vingine. Nilipostaafu, mikono ilikuwa inatetemeka na vidole vimebabuka kwa plasta. Watu huniuliza ni meno yapi ya bandia yaliyo bora. Nilikuwa nikieleza kwa kirefu. Siku hizi nawauliza wanayatakia nini, na wengi huwa hawajafikiria.

Mimi mwenyewe nimebakiwa na manne. Mjukuu wangu ni daktari wa meno Mtwara. Alipokuja kututazama alinikalisha barazani kwenye mwanga, akanifungua kinywa, akayatikisa moja moja, akanieleza kila njia na itanidai nini. Alieleza vizuri. Halafu akanyamaza, kama inavyotakiwa, akinisubiri.

Nilimwambia nimechoka, aniache kwanza. Akaniletea ugali laini na mchuzi wa kunde, akakaa karibu yangu mpaka nikamaliza kula.