Damu Yangu ya Miezi Minne

Kutoka Kigoma hadi Mtwara nilitumia siku nne: treni hadi Dar es Salaam, kisha basi la kupitia Lindi. Nilifuata kazi ya kuchomelea vyuma kwenye mtambo wa gesi wa Madimba. Kazi iliisha, mimi nikabaki, nimepanga chumba katika kijiji cha Ziwani kwa mkulima wa korosho na mkewe. Sikuwahi kukaa mahali kwa hiari kabla ya hapo.

Mke akajifungua wa kiume. Kwao mtoto hatolewi nje kabla ya arobaini, na chumba cha uzazi kilikuwa na kidirisha kimoja tu. Siku ya nne mtoto aliacha kunyonya. Walipomsogeza mlangoni ndipo tukaona: macho ya manjano kama bibo bivu la mkorosho.

Hospitalini daktari alisema unjano ule ukizidi kupanda utafika kwenye ubongo. Taa za kumwanika ili ushuke hazitoshi tena, damu ibadilishwe. Baba akakunja mkono wa shati. Wakamkatalia: mtoto amerithi kundi lake la damu, na ndilo hilo kinga za mama zinalolishambulia. Lilitakiwa kundi O. Mimi ninalo, wakanitoa mfuko mmoja.

Nilisimama mlangoni nikitazama. Nesi alivuta damu ya mtoto kidogo kwa sindano, akaingiza yangu kidogo, akarudia hivyo kwa muda mrefu. Katikati, mkono wa mtoto ukaanza kutetemeka. Nikajua nimemuua.

"Si damu yako," nesi alisema bila kuinua macho. "Ni dawa ya kwenye mfuko, ile ya kuzuia isigande. Inashika kalsiamu yake."

Wakamwingizia kalsiamu polepole, wakampima na sukari. Mkono ukatulia. Jioni unjano ulikuwa umeshuka karibu nusu.

"Kwa damu hiyo yako, sasa ataamka aulize basi la bara linaondoka saa ngapi," baba alinitania.

Nesi aliniambia damu yangu itadumu mwilini mwa mtoto miezi mitatu, minne, kisha atabaki na yake. Nikakaa. Kila asubuhi nilimpakata barazani kabla ya kwenda kutafuta vibarua. Mpaka leo mikono inaukumbuka uzito ule.

Mtoto alipoingia mwezi wa tano nilifunga begi. Mama alinitazama, mtoto akiwa mgongoni.

"Shemeji, kumbe ulikuwa unasubiri damu yako iishe?"

Nilisogea kuaga. Mtoto alinishika kidole kwa nguvu zake mwenyewe, nikakichomoa taratibu, nikapanda bodaboda.