Siku Tatu za Kuchoma Rangi ya Injini

Injini haihitaji rangi ili iwake. Fundi mmoja wa Tukuyu aliniambia hivyo usoni, nami nikanuna. Nilikuwa nimeifungua mwenyewe injini ya pikipiki yangu, nyumbani Ikuti, baada ya kuanza kutoa moshi na kula oili, na kila kipande nilichokiosha kwa petroli kilizidi kunionyesha madoa ya miaka. Nikaapa kwamba haitarudi kwenye fremu ikiwa na sura ile. Na mimi nikishaapa, ndiyo basi tena. Mke wangu anajua.

Nilinunua makopo mawili ya rangi nyeusi ya kupuliza, ile inayostahimili moto. Maelezo yake yalikuwa wazi: puliza nyepesi, acha ikauke, kisha pasha kipande joto taratibu, kipoe, rudia kwa joto kubwa zaidi mpaka rangi ikomae. Aliyeyaandika hajawahi kuishi Rungwe mwezi wa nne. Mvua ilikuwa inashinda ikinyesha, na isiponyesha ukungu unaingia hadi sebuleni. Kava ya klachi ilikaa barazani siku mbili, na nilipoigusa rangi ikaja na kidole. Silinda ndiyo ilifanya mabaka meupe. Kwa hasira nilirusha brashi ya waya hadi migombani, kisha nikaenda kuitafuta.

Ndipo nikapata akili, au kitu nilichodhani ni akili. Jikoni kwetu ni banda la matofali nyuma ya nyumba. Niliweka mle jiko kubwa la mkaa, nikalifunika kwa debe lililokatwa tako, na ndani ya debe nikatundika vipande kwa waya. Mara ya kwanza upepo ulipita dirishani, joto likapanda na kushuka, rangi ikatoka malengelenge. Kwa hiyo nikaziba dirisha kwa gunia, nikaziba na uwazi kati ya ukuta na bati kwa mifuko ya mbolea, nikafunga mlango. Joto likatulia. Rangi ikakaza, nyeusi, safi. Nitasema ukweli: ilikuwa nzuri, na nilijisikia mtu.

Siku hiyo ya kwanza nilitoka mle kichwa kinanigonga, nikatapika nyuma ya nyumba. Nikasema ni harufu ya rangi. Siku ya pili tulimkuta kuku aliyekuwa anaatamia kwenye kona ya jikoni amelala juu ya mayai yake, amekufa. Nikasema ni mdondo. Mke wangu alimtazama sana yule kuku, akaniuliza mbona wale wa banda la kuku wote ni wazima. Nikamjibu kama bwana mifugo kwamba mdondo huanza na yeyote. Akaenda kumfukia.

Baba yangu alikuwa anaishi nasi. Alichuma chai kwenye mvua karibu maisha yake yote, na kazi hiyo ilimwachia magoti yasiyopenda baridi. Alikuwa pia mtu wa mila. Kwetu Wanyakyusa, baba mkwe na mkamwana hawaonani uso kwa uso. Siku hizi wengi wameacha, wanakaa benchi moja kanisani, lakini baba hakuacha. Miaka kumi na moja ya ndoa yetu, alikohoa kila alipokaribia kona ili mke wangu apishe, na mke wangu naye akajitanda khanga na kugeuka. Hawakuwahi kusemezana. Chakula chake kilipelekwa na watoto. Mgeni angedhani wamegombana, kumbe sijawahi kuona watu wanaoheshimiana kama wale.

Siku ya tatu ilikuwa imebaki hedi peke yake, kile kifuniko cha juu ya silinda. Watoto walikuwa shule. Baba akaingia jikoni na kigoda chake, akanyoosha viganja juu ya debe.

"Moto nsuli huu, mwanangu, unapotea bule," akasema. Mzuri, mdomoni mwake, siku zote ilikuwa nsuli.

"Kaa, baba, upate joto," nikamwambia. "Ila usifungue mlango. Upepo utaniharibia rangi."

"Ndaga," akasema, yaani asante, akakaza koti lake. Mimi nikafunga mlango kwa nje, nikaenda Tukuyu kununua gasketi.

Yaliyofuata nimeyapata kwa mke wangu. Alikwenda jikoni kuchukua sufuria, na kama kawaida yake akagonga ndoo ili mzee ajue anakuja. Hakusikia kikohozi. Akadhani amesinzia, akarudi barazani kumenya maharage. Moyo ukamkatalia. Akarudi, akagonga ndoo kwenye jiwe kwa nguvu. Kimya. Akakimbia kwa jirani ili mwanaume aje aingie, akakuta nyumba imefungwa, wote wako kwenye chai. Akarudi tena, akasimama na mkono kwenye komeo.

"Nilisimama kidogo," aliniambia. Sijawahi kumuuliza kidogo hiyo ilikuwa kiasi gani. Naogopa.

Aliingia kinyumenyume. Hata wakati ule alijitanda khanga, akampa mzee mgongo, akawa anapapasa nyuma yake kwa mkono mpaka akagusa mguu, na mguu haukujibu. Ndipo akageuka. Akamshika makwapani, akamburuta hadi nje kwenye mvua. Niliporudi niliwakuta kwenye matope, kichwa cha baba mapajani mwake, khanga imeanguka, naye anapiga kelele zisizo na maneno.

Hospitalini daktari aliniuliza kama tulikuwa tunapika tumejifungia. Nikamwambia tulikuwa tunachoma rangi.

"Rangi siyo hoja," akasema. "Mkaa ukiwaka bila hewa unatoa sumu. Haina harufu. Wewe mwenyewe hukuumwa kichwa?"

Niliinamisha uso. Ningependa kusema kwamba sikujua, lakini mwili wangu uliniambia, kuku aliniambia, mke wangu aliniuliza, nikawajibu wote.

Baba alizinduka. Tulimrudisha nyumbani akiongea, akitania hata chakula cha hospitali, na kanisani tukatoa shukrani. Nikajiona nimesamehewa. Wiki ya tatu akaanza kusahau. Alisahau vifungo vya shati, kisha njia ya chooni, kisha mimi ni nani. Daktari alisema sumu ile wakati mwingine humaliza kazi yake baadaye.

Asubuhi moja mke wangu alikuwa anapita barazani na bakuli la uji, akitafuta mtoto wa kulipeleka. Baba akamwita. Nilikuwa mlangoni, nikaona. Alimtazama usoni, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu nilipomwoa, akatabasamu.

"Mama," akasema, "nipe hapa."

Mke wangu alimpa. Akamshikia bakuli mpaka akanywa robo yake, kisha akanijia.

"Hanijui tena, baba watoto," akasema. "Angenijua, angenikimbia."

Nilimwambia aketi kidogo. Akakataa, uji wa mzee ulikuwa unapoa.