Mwizi wa Swali la Tatu

Flavia Temba hasahau. Watu wa kijiji cha Uru watakwambia kwamba alipokuwa darasa la nne msichana mmoja alimwagia wino daftari lake, na Flavia akangoja hadi darasa la saba ndipo akalipa. Alilipa mpaka msichana akahamishwa shule. Nasema mapema ili mtu asije akalalamika kwamba Jovin hakuonywa. Alikulia kijiji kilekile, alikuwa anajua.

Flavia sasa ana miaka thelathini na minne. Alisomea stashahada ya maendeleo ya jamii, akazunguka ofisi za Moshi na bahasha ya vyeti mpaka bahasha ikachanika pembe zote nne. Alipochoka, akakodi mjini humo, mtaa wa Soweto, chumba kimoja kilichokuwa saluni, akaweka runinga nne, mabenchi matatu na mashine za gemu alizonunua kuukuu. Sheria ya mlangoni ni moja: mshindi anabaki, aliyefungwa anampisha mwenzake. Baba yake alisema ameuza kahawa miaka kumi na nne kumsomesha binti, na binti amekwenda kulea wahuni. Wahuni wenyewe walikuwa madereva wa bajaji, wanafunzi wa uuguzi, Amon fundi simu, na Digna muuza mitumba, ambaye hakuna mwanamume Soweto anayemfunga mpira wa kwenye runinga.

Kitu kimoja kilimsumbua Flavia tangu wiki ya kwanza. Aliyefungwa hakuondoka. Mtu alicheza dakika kumi, akafungwa mabao manne, akazomewa, kisha akakaa kwenye benchi saa mbili nzima akitazama wengine. Mwenye kibanda mwingine angemfukuza apishe nafasi. Flavia alinunua daftari.

Kila siku aliandika nani amekaa karibu na nani, nani amemtania nani, nani amenyamaza. Mtu alipotoka alimuuliza maswali matatu. Umecheza na nani? Kipi kimekuchekesha? Usipokuja kesho, nani atauliza uko wapi? Mawili ya kwanza walijibu wakivaa viatu. La tatu liliwasimamisha mlangoni. Amon, siku ya kwanza kuulizwa, alijibu, "Hakuna." Miezi minne baadaye alitaja majina sita bila kufikiri, akaenda zake akipiga mluzi, na Flavia akaingia nyuma ya pazia akalia.

Alifanya hivyo miaka mingi, na madaftari yakafika kumi na moja. Akagundua jambo ambalo hakulisoma popote: watu hawarudi kwenye gemu kwa sababu wameshinda. Wanarudi pale ambapo kuna mtu atawatania kwa kufungwa kwao kwa jana. Aliyefungwa akachekwa, kesho yupo. Aliyefungwa kimyakimya alipotea, na Flavia alikuwa na majina yao wote.

Hapo ndipo alipokuja Jovin. Alikuwa mtoto wa Mwalimu Theodora wa Uru, anasomea udaktari wa falsafa Dar es Salaam, na alikuwa anatafiti wachezaji wa gemu na urafiki wao. Alikaa kibandani siku tatu na kinasa sauti kidogo. Siku ya nne aliona madaftari.

"Dada Flavia, hii ni dhahabu," akasema. "Tutaandika pamoja. Jina lako na langu."

Akayachukua mwezi mzima, akapiga picha kila ukurasa, akayarudisha pamoja na boksi la biskuti. Kisha kimya. Mwaka mmoja na nusu baadaye Digna alimletea Flavia simu, akamwonyesha ripoti yenye picha ya Jovin ndani ya suti. Jina la ripoti lilikuwa *Nani Atauliza?* Ndani yake kulikuwa na maswali yote matatu, benchi, Amon, na majina sita. Flavia alijitafuta ukurasa kwa ukurasa. Alijikuta ukurasa wa sitini na nne, kwenye shukrani, katikati ya dereva na mpishi: "mhudumu wa kibanda."

Alimpigia Jovin. Jovin alimweleza taratibu, kama unavyomweleza mtoto, kwamba madaftari ni maelezo tu, utafiti ni uchambuzi.

"Sawa," akasema Flavia, akakata.

Hakuwa sawa. Moyo ulimwaka. Alitaka kumwona Jovin akiaibika mbele ya watu anaowaheshimu, na alitaka awe amekaa karibu aone vizuri. Hakumwomba Mungu amwondolee hasira hiyo. Aliilisha.

Nafasi ikajileta yenyewe. Jovin aliandaa warsha kwenye hoteli moja mjini, siku ya Alhamisi. Wafadhili walikuwa wanakuja, nao walitaka kuwaona wachezaji kwa macho yao, kwa hiyo ilimbidi amwalike Flavia na watu wake. Lakini ile "sawa" ya Flavia ilimkosesha Jovin usingizi. Akakumbuka dawa ya kwao.

Uchagani, uliyemkosea mtu unampelekea isale, lile jani refu la mmea unaopandwa mipakani mwa vihamba, mashamba ya migomba ya nyumbani. Likifungwa fundo na kuletwa, aliyekosewa halikatai. Anayelikataa anaiitia nyumba yake mabaya, na hata wazee wanaopokea komunyo kila Jumapili hawafanyi mzaha na jambo hilo. Wengine huenda wenyewe, wengine humtuma mtu wa heshima. Jovin alimtuma mama yake.

Mwalimu Theodora alifika kwa Flavia Jumapili baada ya misa, amevaa kitenge cha kanisani, jani limo kwenye mkoba.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Naona bado unaandika."

Alikuwa ametazama madaftari mezani. Huyu ndiye aliyemfundisha Flavia kuandika, darasa la kwanza, na aliyewachapa wote vidole kwa kusahau kuanza na tarehe. Flavia alimwekea mtori, supu ya ndizi, na alipomwona anautoa mkono wenye jani, akaelewa, na damu ikamchemka upya. Jovin hakuwa na haya hata ya kuchagua mtu mwingine.

"Mwalimu, amekwambia kosa ni nini?"

"Mmepishana maneno ya kazi. Ninyi vijana hasira zenu ziko karibu."

Mama huyu hakujua. Alikuwa amebeba jani la kosa asilolijua, na kwa desturi jani la namna hiyo ni jani tu la shambani. Ilimpasa Flavia amwambie pale pale. Madaftari yalikuwa mezani, yangetosha. Ila aliona mlango umefunguka, akaupita.

"Silikatai, mwalimu," akasema kwa upole. "Ila nisilipokee hapa jikoni. Jovin anazungumza ukumbini Alhamisi. Njoo nalo, vaa vizuri, ukae mbele. Nitalipokea mbele za watu, iwe heshima kwenu."

Mwalimu Theodora alimshika mashavu kwa mikono miwili. "Aika, mwanangu," akashukuru. "Umekua."

Alhamisi alikaa mstari wa kwanza na kilemba kipya. Jovin alipomwona mama yake alitabasamu, akadhani mambo yamekwisha. Alizungumza dakika arobaini juu ya benchi aliloligundua, na swali alilolibuni. Kisha mwenyekiti akasema dada wa kibanda awasalimie wageni.

Flavia alisimama na daftari la kwanza.

"Mwalimu wangu yupo hapa," akasema. "Alinifundisha kuanza na tarehe. Nasoma. Tarehe tisa Machi, mwaka elfu mbili kumi na nane. Leo nimeuliza swali la tatu kwa mara ya kwanza. Amon amejibu, hakuna." Akafunga daftari. "Jovin, wewe ulikuja kwangu mwaka gani?"

Jovin alifungua chupa ya maji.

"Elfu mbili ishirini na tatu," Digna akajibu kutoka nyuma. "Hata pedi ya gemu alikuwa hajui kuishika."

Wachezaji walicheka. Wafadhili hawakucheka. Flavia akasoma ukurasa mwingine, na mwingine, tarehe kwanza kila mara, huku sura ya Jovin ikibadilika. Alikuwa na kurasa ishirini alizozitia alama. Alifika ya saba ndipo Mwalimu Theodora aliposimama.

Alitembea polepole mpaka kwenye meza ya wakubwa, akatoa jani kwenye mkoba, akaliweka mkononi mwa mwanawe.

"Ulinituma na uongo," akasema. "Peleka mwenyewe. Na utaje kosa."

Jovin alishuka jukwaani. Akamnyooshea Flavia jani kwa mikono miwili, na Flavia akamwacha asimame hivyo.

"Nilichukua kazi yako nikaiita yangu."

"Kwa sauti. Wa nyuma hawasikii."

Akarudia. Sauti yake ilikatika katikati. Flavia akalipokea jani, akasema amesamehe, kama inavyopaswa. Ulikuwa utamu usio na mfano. Alikuwa ameungoja kwa muda mrefu na ulikuwa mtamu kuliko alivyotazamia.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Ripoti iliondolewa, ikatolewa upya, jina la Flavia likiwa la kwanza. Baba yake aliitundika sebuleni karibu na picha ya Bikira Maria. Jovin aliondolewa kwenye mradi, akarudi Dar bila kupita nyumbani. Flavia alilala vizuri kwa wiki mbili.

Jumapili ya tatu alikwenda Uru kusali. Mwalimu Theodora alikuwa kiti cha nyuma kabisa, peke yake. Miaka yote alikaa mbele na wanawake wa jumuiya yake, aliyokuwa mwenyekiti wake. Alikuwa amejiuzulu, akisema kwamba mwanamke ambaye mwanawe ameungama wizi ukumbini hawezi kuwaongoza wengine kusali. Baada ya misa Flavia alimfuata barazani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Flavia alinyoosha mkono ampokee mkoba, mwalimu akaushikilia.

"Siku ile nimekaa kwako nakunywa mtori," akasema mwalimu, "ulikuwa unajua nisilolijua?"

"Nilijua."

"Na ukaniambia nivae vizuri."

"Ndiyo, mwalimu."

Mwalimu Theodora alitikisa kichwa kidogo, kama anaposahihisha kazi ya mwanafunzi aliyemtarajia apate.

"Jovin alistahili aibu yake, wala simtetei. Yangu mimi ilikuwa ya nini?"

Flavia aliitafuta hasira, ile ambayo haikuwahi kumwangusha, akaona haipo. Hakukuwa na kitu pale isipokuwa mama mzee mwenye mkoba. Alitaka kusema ameghafilika, lakini hakughafilika. Alipanga kila neno.

"Siku ukiwa tayari kuniletea jani," akasema mwalimu, "usimtume mtu."

Akashuka ngazi za kanisa taratibu, mkono mmoja ukutani, akashika njia ya nyumbani.