Sofia Alionja Kwanza

Sofia hakuwa mlevi. Nalisema mapema kwa sababu midomo ya watu naijua. Alipika pombe ya mtama pale Matambarale, na kwetu mpikaji huonja kwanza mbele ya wanywaji ili kuondoa shaka ya sumu. Basi alikuwa akichota kidogo juu juu, anapiga funda moja, anapangusa mdomo. Zaidi ya hapo hagusi.

Wazungu walipoanza kuyaacha mashamba yao ya karanga Nachingwea, Halfani, mchuuzi wa kwetu, akawa analeta mapipa ya chuma kutoka kambini kwao. Mimi kwa kushuku sijambo. Niliona yote yameparuzwa kwa mchanga ubavuni, pale penye maandishi.

"Halfani, humu mlikuwa na nini?"

Akacheka. "Mwanaheri nawe! Mafuta ya taa tu."

Sofia akanunua moja, akaacha mitungi yake.

Pombe ya kwanza ya pipa lile ikawaua kaka yangu Yunusi na jirani yake Anselmo. Walikuwa wamekunywa ya chini, ya mwishomwisho. Akaja Bwana Afya, Eustace, mtu wa kuja, kuhesabu wafu. "Ninyi watu wa kusini pombe ndiyo uji wenu," akasema. "Jimbo zima mnaongoza kwa kufa nayo." Loo, nilitamani nimrushie mwiko! Yunusi alikuwa anakunywa siku ya gulio tu. Na ilipikiwa ndani ya nini, hakuuliza.

Watu wakaanza kumpita Sofia bila salamu. Mchawi huyo, wakasema. Hata mimi nilimtazama kwa jicho la pembeni. Akatuita uani, akainamisha pipa, akachota mabaki ya chini, kata nzima.

"Haya. Kama ni mimi niliyewatilia ndugu zenu sumu, nisingeinywa mwenyewe."

Akanywa yote. Kesho yake tukamzika. Eustace akarudi, akahesabu mlevi wa tatu. Mlevi! Nililia kwa hasira zaidi kuliko kwa msiba.

Tungali matangani, Halfani akafika na baiskeli, analitaka pipa.

"Si uliliuza?" nikamuuliza.

"Nawaondoleeni balaa, dada yangu."

Tangu lini Halfani akamwondolea mtu balaa bure? Nikaenda uani, nikamwaga maji safi ya kisima ndani ya pipa, nikalitikisa, nikachota kata. Nikamletea mbele ya waombolezaji wote, na Eustace akiwa pale pale.

"Karibu. Mwenye mali huonja kwanza."

Akarudi nyuma. "Mimi sinywi pombe, mnanijua."

"Maji haya, Halfani. Ya kisima, nimeyasuuza pipani mwako sasa hivi."

Jasho likamtoka. Akaishika baiskeli yake, hata pipa hakulitaka tena. Nikamgeukia Eustace, kata ingali mkononi.

"Bwana Afya, huyu hajaonja pombe tangu azaliwe. Muulize anaogopa nini kwenye maji."