Kokoto za Sista Kokulinda

Kokulinda hakujua kukaa bure. Miaka thelathini na moja alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, kazi yake kuchemsha, kusugua na kuua vijidudu. Alipostaafu hakumaliza hata mwezi. Alipanga matangi manne nyuma ya nyumba yake Kigongo, akaanza kukuza vifaranga wa sato wa kuwauzia wafugaji wa vizimba ziwani.

Maji yalizungushwa na pampu ndogo: yalitoka kwenye matangi, yakapita kwenye pipa la kokoto, yakarudi. Miezi mitano samaki walinenepa bila shida. Kilichomkera ni zile kokoto. Zilikuwa zimevaa ute wa kahawia, unateleza kama bamia, na kila alipopita pale mikono ilimwasha.

Jumamosi moja uzalendo ukamshinda. Akazitoa zote, akazisugua kwa brashi, akaziloweka kwenye klorini, akazisuuza mara tatu na kuzirudisha.

"Sasa hapo ndiyo pipa," alimwambia wifi yake, Dorotea, aliyemsaidia kulisha samaki.

Jumanne asubuhi Dorotea akapiga kelele. Vifaranga walikuwa wamejaa juu ya maji, midomo wazi, wanahema. Mamia walishageuka matumbo juu.

Kokulinda alimpigia simu Mzee Ndalahwa, bwana samaki mstaafu mwenye mabwawa yake Busisi. Kabla ya saa sita mzee alishavuka daraja kwa bodaboda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Sista. Umebadilisha nini?"

"Hakuna. Chakula ni kilekile. Ila kokoto nimeziosha, tena kwa klorini."

Mzee alitoa vifaa vyake vya kupimia maji. Akachota maji kwenye kichupa, akadondoshea dawa. Maji yakawa kijani kibichi.

"Hiyo amonia. Samaki wanaitoa wenyewe, na kinyesi na makombo yakioza yanaiongeza. Ule ute ulikuwa bakteria, Sista. Kundi moja linaigeuza amonia kuwa sumu nyingine, kundi la pili linaigeuza hiyo kuwa kitu ambacho samaki wanakivumilia. Hata ziwani wamo, kwenye matope na mawe, ndiyo kazi yao. Wa kwako walikuwa humo kwenye pipa."

"Nimewaua."

"Umewaua."

Kokulinda akakalia ndoo, akainuka papo hapo. "Nifanye nini?"

"Leo na kesho usilishe, baadaye uwape chembe tu. Punguza nusu ya maji, jaza ya kisima, na kila siku ubadilishe kidogo. Nitakuletea kokoto zangu chafu ziwe mbegu ya bakteria wapya. Halafu usubiri. Wiki tatu, pengine nne. Pipa usiliguse."

Kuacha kulisha aliweza. Kubeba maji aliweza, tena kwa kukimbia. Kusubiri ndiko kulikomtesha. Kwa vifaa alivyoachiwa na mzee, alipima maji asubuhi, mchana na jioni, ingawa rangi ilikuwa kijani kilekile. Alifua mapazia yaliyokuwa safi. Alianza chai, akaiacha mezani, akaenda kuchungulia matangi. Siku ya tisa Dorotea alimkuta ameinamia pipa, mkono umeshaingia hadi kiwiko.

"Wifi! Mzee alisemaje?"

"Naangalia tu kama wameshika."

"Hawaonekani kwa macho. Toa mkono."

Akautoa, akaufuta kwenye kanga, akaenda kufagia uwanja ambao Dorotea alikuwa ametoka kuufagia.

Wiki ya tatu kokoto zilianza kuteleza tena. Siku ya ishirini na sita maji kwenye kichupa yakabaki manjano: amonia hakuna. Hakuamini macho yake. Akamwita Dorotea, kisha akampigia mzee.

"Pima na ile sumu ya pili," mzee alisema.

Nayo ilikuwa imeisha. Kati ya vifaranga elfu sita walibaki pungufu ya elfu mbili. Kokulinda aliwamwagia chakula kidogo, nusu kiganja, akawatazama wakikigombania. Machozi yalimlenga, lakini hakuyapa nafasi.

"Dorotea, niletee futi," alisema. "Nataka kupima mahali pa pipa la pili, la akiba."