Baada ya Kula

Sijui kukaa mahali nikatulia. Mama husema nilizaliwa nimesimama. Asubuhi ile nyumbani kwake Buigiri ndiyo nilizidi: naingia jikoni, narudi uani, namchungulia usoni, natoka tena. Mama ni mweusi wa kung'aa, na mtu wa namna hiyo akipauka unaona mara moja. Alikuwa amepauka.

Magoti yake yalikuwa mabovu kwa muda mrefu. Daktari alisema ni ugonjwa wa viungo, akamwandikia vidonge vya kutuliza maumivu na uvimbe: kimoja mara mbili kwa siku, baada ya kula. Nilikuwepo, nilisikia. Tangu hapo kila nilipompigia simu kutoka mjini nilimuuliza kama anameza dawa vizuri, naye alijibu kwamba anameza kama alivyoambiwa. Mama yangu si mtu wa uongo, nikaamini. Ila alilalamika tumbo linawaka moto, na mimi nikalaumu pilipili, nikalaumu maji ya kisima, nikalaumu hata jirani anayemletea maneno ya watu.

Basi nilimkuta uani anamaliza bakuli la uji wa uwele, pembeni maganda ya kiazi kitamu. Nikamuuliza kama ameshameza dawa. Akasema bado, maana hajala.

"Hujala? Na hicho nini?"

"Huu uji," akasema, akinishangaa. "Kula ni ugali, mwanangu."

Ningepaswa kujua, mimi niliyelelewa katika nyumba hiyohiyo. Kwetu mtu anaweza kunywa chai, akatafuna karanga tangu shambani mpaka nyumbani, akamaliza na kipande cha boga, na ukimuuliza atakwambia hajala, mpaka aone ugali na mlenda mbele yake. Na mama alikuwa akisonga ugali jioni tu, kwa sababu anaishi peke yake na magoti hayamruhusu kusimama jikoni mara mbili. Kwa hiyo jioni, akishakula, alimeza vidonge vyote viwili kwa pamoja ili agizo la daktari litimie. Mchana maumivu yakimzidi alinunua vingine duka la dawa, vya rangi nyingine, akavimeza kwa maji matupu. Kwa vile vya dukani hakuna aliyemwambia habari ya kula.

Hasira zilinipanda, na nisijue pa kuzipeleka. Nilizunguka ua ule kama kuku anayetaka kutaga. Kisha nikamuuliza jambo ambalo nilikuwa sijawahi kumuuliza mama yangu: choo chake kikoje. Aligeuza uso akatazama ukuta. Baadaye akasema kwa sauti ya chini kwamba ni cheusi kama lami, na kwamba aliona aibu kunieleza kwenye simu. Nilimfunga kanga harakaharaka, nikatoka mbio kutafuta gari la kutupeleka mjini.

Hospitalini mjini nilisimama, nikaketi, nikaenda dirishani, nikamsumbua muuguzi mpaka akaniomba nimwache afanye kazi. Mama alikaa palepale, mikono juu ya magoti. Daktari wa safari hii alikuwa dada mdogo kuliko mimi. Alimwamkia mama shikamoo, akampima damu, akaangalia vidonge vya rangi zote mbili. Akasema hivyo ni ndugu wa tumbo moja, majina tu tofauti, na kuvimeza pamoja ni kujizidishia dawa ileile. Vinatuliza goti, lakini huku vinaweza kulichubua tumbo, na figo pia havizionei huruma, hasa kwa mtu wa umri wake. Tumbo la mama lilikuwa linavuja damu. Vyote vikasimamishwa palepale, wakamlaza, wakamwongezea damu.

Siku ya kuruhusiwa daktari alimweleza mambo upya. Kwa magoti apake dawa ya kuchua na ameze ya maumivu iliyo nyepesi, asinunue kidonge chochote dukani bila kuuliza kwanza, na akiona tena choo cheusi asisubiri mtu, aje. Kisha akamwonyesha dawa ya kuponya tumbo: moja kila siku, nusu saa kabla ya kula.

Mimi nilikuwa nimeshabeba begi, mguu mmoja mlangoni. Mama hakunyanyuka.

"Kula kupi?" akauliza.

Daktari akaacha kuandika. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka ili nimjibie mama. Nikaufunga, na haikuwa rahisi. Mama akamweleza polepole, kwa Kiswahili chake chenye Kigogo ndani yake, habari za uji, za kiazi, za ugali wa jioni na za vidonge viwili viwili. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kabla ya uji wa asubuhi, bibi," akasema.

"Kabla ya uji," mama akarudia. Halafu akasema kuna jambo jingine la kuuliza.

Nikaliweka begi chini, nikaketi.